Mshale Mfupi

Saa ya stesheni inaonyesha mbili. Ilitakiwa ionyeshe nane, maana mshale mfupi ukisimama kwenye nane ndipo inakuwa saa mbili asubuhi na treni inaingia. Mimi ndiye niliyeichora. Dada yangu amesimama chini yake, jukwaani, ana bakuli mkononi, na treni imeshaondoka.

Hilo ndilo tatizo. Mengine yote ni maelezo.

Naitwa Kibwana. Shule niliacha darasa la tatu, na kusoma saa kulifundishwa darasa la nne. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu ukuta wa mwaka ule mmoja nimeugonga mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili aliyeumia ni mtu mwingine, mtu yule yule.

Mji wetu hauna jina. Lilikuwa limeandikwa kwenye kibao cha stesheni. Reli ilipong'olewa, kibao nacho kiling'olewa, jina likaenda nacho. Tukabaki tunasema "hapa". Ukiulizwa unatoka wapi, unasema hapa. Baadaye tukaanza kusahau na mengine: stesheni ilikuwa na milango mingapi, tangi la maji lilikuwa upande gani, kengele ilipigwa mara ngapi treni ikikaribia. Watu wazima wawili walishikana mashati sokoni kwa ajili ya rangi ya paa. Ndipo nilipoingia kwenye ghala la mizigo lililobaki tupu, nikalaza milango minne ya zamani juu ya mapipa ikawa meza, nikaanza kuijenga stesheni upya kwa kipimo cha mkono wangu. Mtu mzima ni kiungo cha juu cha kidole cha shahada. Mlango ni kiungo hicho na ukucha. Ukishajua mtu na mlango, dunia nzima inajipima yenyewe.

Kuta nilizikata kwenye maboksi ya sabuni. Mataruma ni njiti za kiberiti, elfu moja na mia nane, nilizichovya moja moja kwenye oili chafu ziwe na rangi ya mti uliolala mvuani. Kokoto niliitoa kwenye kichuguu nikaichekecha kwa soksi ya nailoni. Vioo vya madirisha ni chupa za maji. Bati nilitengeneza kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara: unailaza juu ya kitana, unaikandamiza kwa kucha kati ya jino na jino, unainua, migongo imesimama. Lakini nyumba mpya haimdanganyi mtu. Kazi inaanza ukishamaliza kujenga. Unachukua masizi ya koroboi kwa ncha ya kidole, unayapaka chini ya paa pale moshi wa vichwa vya treni ulipokuwa unapiga. Unamwaga makapi ya chai pale miguu ilipokuwa inakanyaga. Unakwangua rangi kwenye dirisha la tiketi, mahali pamoja tu, pale viwiko vya watu vilipoegemea miaka arobaini. Na hapo kinatokea kitu ambacho sina maneno yake. Ulikuwa na boksi la sabuni. Umekwangua mahali padogo kama chawa, na ghafla kuna watu maelfu wasioonekana, wote wameegemea pale, wote wanasubiri chenji. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilirudi nyuma hatua mbili nikavua kofia.

Siku hiyo hiyo niliinua kichwa kunyoosha shingo, nikaliona bati la ghala. Nilikuwa nimeliona kila siku. Migongo imelala sawasawa, jino na jino, na pembeni, karibu na mlango, kuna mahali imekosea kidogo, kama ukucha uliteleza. Kwenye kenchi kuna masizi. Nilikaa chini sakafuni. Kitana ni cha nani? Aliyepaka masizi yale alitumia kidole kipi? Na mimi, hapa nilipokaa, kiungo cha nani?

Nilichopata ni heshima tu. Tangu siku ile sijawahi kuwaita wale wa mezani vijitu. Mtu ukishamwekea hiyo *ki* mbele, umeshamkanyaga. Nasema watu. Watu wa mezani.

Dada yangu anaitwa Sikitu. Amenizidi miaka minane. Kila siku saa nne asubuhi alikuwa anakuja na uji kwenye chupa ya chai, anaketi kwenye stuli, anavua ndala, ananikosoa.

"Choo umekiweka wapi?"

"Nyuma ya ghala, dada."

"Mbona hakinuki?"

"Nipe muda."

"Na bomba hili lilikuwa linavuja. Chini yake palikuwa na ukijani, kuku wa bwana stesheni wanakunywa pale. Wewe umejenga bomba zima. Bomba zima katika nchi gani?"

Nikaweka tone la gundi kwenye mdomo wa bomba, na chini yake unga wa mbao uliochovywa rangi ya majani. Akainama, akatazama. Halafu akasema polepole, "Ehee. Sasa linavuja." Na mimi nilisikia tone likidondoka.

Alikijua kila kitu cha stesheni ile isipokuwa kimoja: treni ya asubuhi ile. Hiyo hakuiona.

Ni miaka ishirini na sita. Mume wake, shemeji yangu Lugendo, alikuwa anasafiri kwenda kutafuta kazi kwenye migodi. Alilala stesheni ili apate kiti. Sikitu alinituma nikasome tangazo ukutani, treni inaingia saa ngapi. Nilikuwa kijana mzima na ndevu zangu, niliona haya kumwuliza mtu. Tangazo liliandikwa 8.00. Nane naijua. Nikarudi nikasema, "Saa nane, dada."

Basi Sikitu akapika bila haraka. Kuku wa kukaanga, chapati sita. Akaoga, akavaa doti mpya ya kanga yenye maua ya korosho. Tukafika saa nane kamili, jua limewaka. Jukwaa lilikuwa limeshafagiliwa. Mfagiaji akatuangalia, akaangalia bakuli, akasema, "Treni ipi mama, ile ya saa mbili asubuhi? Hiyo sasa hivi imeshavuka mto wa tatu."

Lugendo hakurudi. Hakuna barua, hakuna maiti, hakuna mtu aliyewahi kusema nimemwona mahali. Alipotokeza kichwa dirishani asubuhi ile kumtafuta mke wake, aliona nini? Alifikiri nini? Hilo swali limekaa na sisi nyumbani kama mgeni asiyeaga. Siku ile Sikitu alikaa juu ya benchi, akafungua bakuli, akakata chapati katikati, akanipa nusu. Akasema, "Si kitu."

Ni jina lake mwenyewe alilolitamka. Sijawahi kubebeshwa mzigo mzito kama ule.

Kwa hiyo, aliponiomba, sikuuliza mara mbili.

"Kibwana."

"Naam, dada."

"Saa umeisahau. Pale juu ya dirisha la tiketi palikuwa na saa."

"Sijaisahau. Naiogopa."

Akacheka. "Nichoree saa mbili. Ya asubuhi ile. Halafu mimi niweke hapa, karibu na bomba. Sitaki makubwa. Nataka kuaga tu. Treni inasimama dakika tatu, zinanitosha."

Watu walikuwa wameshaanza kusema kwamba meza yangu inavuta. Mihambo, kinyozi wa jirani, alisema aliinama kutazama behewa akajikuta ana tiketi mfukoni. Nilijua Sikitu anaomba nini. Nilichukua kifungo cheupe cha shati kiwe uso wa saa. Brashi ya kazi ile haiuzwi. Niling'oa kope zangu tatu nikazifunga kwa uzi kwenye kijiti. Nikashika pumzi. Saa mbili, kasema dada. Mbili. Mkono ulisikia neno ukachora neno. Mshale mrefu kwenye kumi na mbili, mshale mfupi kwenye mbili, safi, mistari hata haikutetemeka. Nilijivunia.

Sikitu akainama kutazama chini ya paa la jukwaa. Niligeuka kuosha brashi. Nilipogeuka tena stuli ilikuwa tupu, ndala ziko chini yake, na jukwaani, karibu na bomba, alisimama mwanamke ambaye sikumchonga, mrefu kama kiungo cha kidole, amevaa doti ya korosho.

Alitazama reli upande huu. Akatazama upande ule. Nikashika pumzi ili nimsikie.

"Kibwana," sauti yake ilikuwa kama mbu, "mbona hakuna watu?"

Ndipo nikaitazama saa.

Siku ile ya kwanza nilisoma nane nikasema nane. Safari hii nilisikia mbili nikachora mbili. Miaka ishirini na sita nilidhani nimejifunza saa. Nilikuwa nimejifunza kosa moja tu, na lingine lilikuwa limekaa upande wa pili wa kosa lile, linanisubiri, limevaa nguo zangu. Nimemchukua dada yangu kwa mkono nikampeleka tena kwenye saa nane ya mchana, kwenye jukwaa lile lile lililofagiliwa. Hata kivuli chake kilikuwa cha saa nane.

Nikachukua wembe. Nitakwangua, nikasema, nitachora nane, imekwisha. Nikajaribu kwanza dakika tano kurudi nyuma. Nikakwangua mshale mrefu, nikauweka kwenye kumi na moja. Sikitu akatetemeka kama picha kwenye maji. Alisogea yeye, kivuli kikabaki nyuma, kimelala peke yake kwenye saruji hakina mwenyewe. Akakiangalia. Akaniangalia mimi juu, au mahali alipodhani nipo.

"Taratibu," akasema. "Wewe na haraka zako."

Nikarudisha zile tano, kivuli kikarudi miguuni. Nikaelewa. Muda hauruki. Ukitaka kumrudisha mtu saa sita, unamrudisha dakika mia tatu sitini, moja moja, na kila moja uichore kama ndiyo pekee.

Nikaanza.

Moja: kwangua, pangusa, chora. Mbili: kwangua, pangusa, chora. Ya tatu ilikataa rangi. Ya nne ilikubali. Niliona mambo. Niliona jua linarudi juu kama mtu aliyesahau kitu ndani. Kivuli cha Sikitu kilifupika, kikaingia chini ya nyayo zake saa sita kamili, akawa mtu asiye na deni kwa ardhi, halafu kikachomoza upande wa pili. Vumbi lilirudi chini ya ufagio. Mfagiaji alitokea anatembea kinyumenyume, anatandaza uchafu kwa uangalifu mkubwa, ganda la ndizi hapa, karatasi pale, kila kimoja mahali pake. Jasho lilipanda kwenye paji la uso wa Sikitu likaingia ndani. Mvi zake ziliingia ndani vilevile. Nilimwona ana miaka hamsini, arobaini na tano, arobaini. Mikunjo ya shingo ilijinyoosha kama shuka linapokung'utwa. Mvuke ulirudi kwenye bakuli.

Na mimi? Nilidhani nimekaa asubuhi moja. Mihambo ndiye aliyeniambia. Alisimama mlangoni na mkasi wake mfukoni, akashika pua.

"Mtani! Umeota ndevu za mbuzi. Unajua mfungo umeingia?"

"Umeingia lini?"

"Umetoka pia. Idi imepita. Nimekula pilau lako, nikakuombea."

"Mwongo. Ni dakika ya mia na ngapi sijui."

"Dakika gani? Mvua imenyesha ikaacha. Ukifia humu, ndugu zako wa milimani wasihangaike. Nitakuzika mimi mwenyewe, kwa boksi la sabuni." Akasogea kwenye meza, utani ukamwishia mdomoni. Alimwona. Mihambo ni mtu anayesema hata akilala, lakini alisimama pale kama yuko msikitini. "Huyo si Bi Sikitu?" akanong'ona.

"Ndiye."

"Mbona mdogo?"

"Wa umri au wa kimo?"

Alitoa pakiti ya nyembe mpya kwenye koti, akaiweka karibu na mkono wangu, akatoka kwa kunyata. Nikahesabu siku na kuhesabu mistari, nikakuta vinalingana. Kila dakika niliyomrudishia dada yangu kule, huku nilikuwa nalipa siku moja. Sikuona ghali. Niliona ajabu kwamba kuna mahali mtu anaweza kulipa.

Kope zilikwisha jicho la kulia. Kila brashi ilidumu dakika tisa. Mahali fulani kwenye saa nne ya asubuhi jicho lenyewe likaanza kuleta ukungu, halafu maziwa, halafu likazimika kwa upole, kama mtu aliyefunga duka mapema. Nikang'oa kope za kushoto nikaendelea na lililobaki. Watu walianza kujaa jukwaani. Sikuwachonga hao. Mama mwenye mabiringanya. Mwalimu na redio yake. Bwana stesheni amefunga vifungo vyote. Walikuja kinyumenyume kutoka kila mahali walikokwenda, kutoka kwenye vifo vyao wengine, wakasimama kwenye makapi ya chai yangu, wakaegemea dirisha pale nilipokwangua. Viwiko vyao vilipatia pale pale. Pale pale! Nilitaka kumwita mtu aje aone.

Nane. Mshale mfupi umesimama kwenye nane. Saa mbili asubuhi.

Treni yangu haina mashine. Kichwa ni kopo la nyanya, mabehewa sita ni boksi. Ilikuwa ukingoni mwa meza, nyuma ya milima niliyoichora ukutani, kwenye tundu nililotoboa liwe handaki. Ili iingie lazima isukumwe. Nikaweka kidole cha shahada nyuma ya behewa la mwisho, na hapo kidole kikagoma. Maana nilielewa jambo. Asubuhi ile ya kwanza, treni iliyomchukua Lugendo nayo ilisukumwa. Miaka yote nilikuwa najilaumu mimi na tangazo, na kumbe kulikuwa na kidole. Kilimjua Lugendo? Kilimwona mwanamke aliyekuwa anaoga bila haraka? Au kilikuwa kama changu, kimechoka, jicho moja, kinajitahidi kutokosea?

Nikasukuma. Bwana stesheni akapiga kengele mara tatu. Ni mara tatu, nimewaambia watu sokoni, na hawataki kuamini. Treni ikaingia, na kwenye dirisha la behewa la tatu mtu akatokeza kichwa. Sikuwa nimeweka abiria. Alikuwa Lugendo, na shati lake la mistari, anatafuta.

Sikitu hakukimbia. Alitembea kama mtu anayevuka chumba chake. Akainua bakuli, Lugendo akalipokea kwa mikono miwili.

"Umechelewa," Lugendo akasema.

"Kidogo," akasema Sikitu.

Nikachora dakika ya kwanza ya kwenda mbele. Wakashikana mikono dirishani. Nikachora ya pili. Brashi ikakaa juu ya kifungo kwa ya tatu, na sikuishusha. Nani angenilazimisha? Nisipochora, ni saa mbili na dakika mbili milele, dada yangu ana miaka thelathini na minne, kuku ana moto, mume yuko. Nina uwezo huo kwenye ncha ya kope. Niliwatazama wote jukwaani, wamesimama, wananisubiri bila kujua wanasubiri nini. Mama wa mabiringanya ameinua mguu mmoja. Nikaona kwamba nikiwaacha hivyo watakuwa vijitu. Nitakuwa nimewawekea ile *ki*.

Sikitu akainua uso, akaangalia bati lake la pakiti ya sigara, akaniona.

"Kibwana, unangoja nini?"

Nikaweka mkono mdomoni ili pumzi yangu isiangushe miti. "Nikisukuma ataondoka, dada."

"Treni zinaondoka, mdogo wangu. Ndiyo kazi yake."

Nikachora ya tatu. Bwana stesheni akainua bendera ya kijani. Na Sikitu akashika chuma cha mlango wa behewa la tatu, akakunja doti yake, akapanda.

"Dada! Ulisema unataka kuaga tu!"

"Nimeshaaga," akasema kutoka mlangoni. "Mwaka mzima nilikuwa nakuaga wewe. Uji uko kwenye chupa."

Kibano kilikuwa karibu na mkono wangu wa kushoto. Ningeweza kumtoa. Nakiri kwamba nilikitazama. Halafu nikaweka kidole nyuma ya behewa la mwisho, nikasukuma, taratibu, bila haraka zangu, kupita tangi, kupita miti ya mijohoro, mpaka mlimani, mpaka kwenye tundu la ukuta, na nikaingiza mkono mpaka kwapani. Mkono ukafika mwisho. Kidole kikaachana na treni.

Treni haikusimama. Niliisikia inaendelea ndani ya ukuta, inapanda mlima ambao sikuujenga, inasukumwa na mtu mwingine. Honi ikalia mbali. Mkono wangu ulipotoka ulinuka makaa.

Nimehesabu. Dakika mia tatu sitini za kurudi na tatu za kwenda. Siku moja kila dakika, yaani mwaka mmoja kasoro siku mbili. Nyembe kumi na moja. Brashi arobaini na moja, kope mia moja ishirini na tatu, hazijaota tena. Jicho la kulia. Uji wa chupa moja, umechacha. Ndala jozi moja, ziko chini ya stuli, ya kushoto imelika kisigino. Dada mmoja. Sikuwa na mwingine.